Si Kila Kiungulia Kinatokana na Chakula



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Jumatano, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki ameketi huku amejishika chembe cha moyo. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Alisema ni kiungulia tu, alikula maharage usiku. Mkononi alishika kipande cha magadi. Nilimwuliza kama kichwa kinamwuma. "Kinauma sana, Sista, na macho yanaona ukungu." Nilimpima presha, ikawa 160 kwa 110. Tukampeleka hospitali papo hapo.

Yale hayakuwa maharage. Zilikuwa dalili za kifafa cha mimba. Baada ya wiki 20 za mimba, maumivu ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia yanaweza kutoka kwenye ini lililoathirika. Yakiambatana na kichwa kuuma, kuona ukungu, au kuvimba uso na mikono, usisubiri asubuhi. Nayo magadi yana chumvi ya sodiamu, haimfai mwenye presha.

Kiungulia chenyewe kipo, na wajawazito wengi hukipata. Kati ya umio na tumbo kuna msuli unaofunga kama mlango. Homoni za mimba huulegeza, na mtoto anapokua hulisukuma tumbo juu, hivyo tindikali hupanda na kuunguza kifua. Basi kula kidogo kidogo mara nyingi, punguza mafuta na pilipili, na usilale mpaka zipite saa mbili au tatu baada ya kula. Inua kitanda upande wa kichwani kwa matofali, ulalie ubavu wa kushoto. Isiposaidia, kliniki watakupa dawa inayomfaa mjamzito.

Kwa wasio wajawazito, sisi wanawake tunapenda kusema "nina vidonda vya tumbo" kabla ya kupimwa. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, naye hutibika kwa dawa za kuua bakteria pamoja na za kupunguza tindikali. Vingine tunavitengeneza wenyewe kwa kumeza diklofenaki au aspirini kila mgongo unapouma. (Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo huongeza tindikali.) Choo cheusi kama lami, kutapika damu, chakula kukwama kooni au kukonda bila sababu ni mambo ya kumwona daktari mara moja. Anayemeza vidonge vya kuongeza damu asishtuke, navyo hufanya choo kuwa cheusi, lakini aulize.

Mama aliyefika umri wangu aongeze jambo moja. Kifua kikibana unapopanda mlima au kubeba ndoo, kisha kikatulia ukipumzika, huo huenda ni moyo. Kikibana pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu, au maumivu ya taya au mkono, nenda hospitali wakati huo huo.

Yule mama alijifungua kwa upasuaji usiku ule, mtoto wa kike, mdogo lakini analia vizuri. Bado anapimwa presha, kwa kuwa kifafa hiki kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua. Nilipotazama kadi yake niliona alikuwa amekosa kliniki mara mbili mfululizo. Aliniambia alijisikia mzima, na siku zile alikuwa na nguo za kufua.