Nauli ya Kurudi Ibaki Mfukoni Mwako

Kenya tuna utani mmoja usiozeeka: kula fare. Jamaa anatuma soo tano, msichana anajibu "niko njiani", na kumbe njia yenyewe ni kutoka kitandani hadi kwenye kochi. Kila wiki utani unarudi na sura mpya, na sisi wote tunacheka, mimi nikiwa mstari wa mbele. Lakini umeona kwamba nauli tunayoizungumzia siku zote ni ya kwenda? Ya kurudi haina utani. Hakuna hata anayeiuliza.

Mimi nina maoni kuhusu hizi wikendi za wapendanao, na nitayasema bila kuzunguka. Kama bado mnajuana na mfuko bado ni wa kuhesabu, nendeni karibu. Karibu, yaani mahali ambapo kila mmoja anaweza kulipa sehemu yake, na kila mmoja anaweza kuamka aseme "mimi narudi nyumbani" na afike kabla ya giza. Si ati Diani ni mbaya. Ule mchanga mweupe hauna makosa na mtu. Shida ni kwamba safari ya mbali mara nyingi huwa na mwenyewe.

Angalia picha zinazojaa kwenye simu zetu kila Jumapili jioni. Bwawa la kuogelea, sinia ya kiamsha kinywa inayoelea majini, mikono miwili imeshikana juu ya kitanda chenye maua. Kitu ambacho hutaona ni risiti. Na mara nyingi aliyelipa ile risiti ni mtu mmoja. Huyo ndiye aliyechagua hoteli. Ndiye anayejua tiketi za kurudi ziko kwa simu ya nani na ni za saa ngapi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017, kutoka Nairobi kwenda Mombasa kumekuwa rahisi, na hilo ni jambo zuri. Lakini ukifika kule uko karibu kilomita 500 kutoka kwa mlango wa mama yako. Mkikosana Jumamosi usiku, utaenda wapi? Utamwomba nauli mtu yule yule mliyekosana naye?

Rafiki yangu mmoja alipelekwa Pwani na jamaa waliyekuwa wamejuana wiki tatu. Jamaa hakumpiga, hakumtukana. Alianza tu kumwambia avae nini na aweke simu chini, halafu akanuna alipoambiwa pole pole. Msichana akataka kurudi nyumbani. Kwa M-Pesa alikuwa na shilingi 80. Tulichanga watu watatu, tukamtumia nauli ya basi, na alikaa mapokezi na begi lake miguuni mpaka saa ya basi ikafika. Ukimuuliza leo atakuambia hakuna kitu kilitendeka. Sawa. Lakini kwa saa kadhaa, mtu mzima mwenye akili timamu hakuweza kuondoka mahali ambapo hakutaka kuwa, kwa sababu ya nauli. Hilo kwangu ni kitu.

Na hatuwezi kuzungumzia vyumba vya kukodisha kwa usiku mmoja kama vile Januari 2024 haikuwepo. Mwezi ule wasichana waliuawa katika vyumba kama hivyo hapa Nairobi, na tarehe 27 maelfu ya watu waliingia barabarani hapa na katika miji mingine kusema imetosha. Mnakumbuka pia maswali yaliyofuata: "Kwani alikuwa anatafuta nini huko?" Hilo swali nalichukia. Mwenye kosa ni muuaji, nukta. Hakuna nauli itakayozuia mtu aliyepanga kuua, na simwambii msichana yeyote kwamba usalama wake ni kazi yake peke yake. Ninachosema kinawahusu wawili wanaopendana kweli: pangeni safari ambayo hakuna kati yenu amenaswa ndani yake.

Wavulana, msilale, hii inawahusu pia. Najua majamaa waliochukua mkopo wa simu kulipia wikendi moja, wakaulipa kwa miezi, na mapenzi yakaisha kabla ya deni. Mtu akitumia thao thelathini ambazo hana, anarudi kejani akihisi anadaiwa na dunia na pia anamdai mtu. Hapo ndipo unasikia "nimekuleta mpaka huku halafu unaniletea hizi". Hiyo sentensi ikitoka, haikuwa zawadi tena. Ilikuwa ankara. Na ni huzuni, kwa sababu pengine msichana mwenyewe angefurahia mahindi choma Limuru, na hakuna aliyewahi kumwambia huyo jamaa kwamba anaruhusiwa kusema "mwezi huu sina".

Sasa niwaambie sisi tunavyofanya. Mtu wangu ni fundi wa simu tao. Mimi narekodi na kuhariri video za watu. Hakuna tajiri hapo. Mwezi mmoja yeye anachagua mahali, mwezi unaofuata ni zamu yangu. Kila mtu analipa nauli yake, chakula tunagawana, na tukizidisha elfu mbili kila mmoja hiyo ni sherehe. Tunatoka asubuhi, tunarudi jioni.

Tulianzia Karura. Msinicheke. Mnaishi mji wenye msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani yake, una maporomoko ya maji na mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau, halafu mnaniambia Nairobi hakuna pa kwenda. Msitu huo ulikuwa umeanza kugawiwa watu binafsi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale wakijaribu kupanda miti. Miaka kumi kabla ya hapo, 1989, ni yeye aliyesimama kupinga jengo la ghorofa 60 pale Uhuru Park. Sijui kama aliwafikiria wapenzi wasio na pesa, lakini wametunufaisha sana yeye na wenzake. Mahali pa umma ndipo kijana asiye na gari wala chumba anaweza kukaa na mtu wake mchana kweupe, watu wakipita, na asiwe na deni la mtu.

Zamu yake alichagua Hell's Gate, Naivasha, kama kilomita 90 hivi. Ukipata matatu inayopitia Mai Mahiu, kaa dirishani. Bonde la Ufa linafunguka chini yako, na kando ya barabara kuna kanisa dogo sana lililojengwa mwaka 1942 na Waitaliano, wafungwa wa vita waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo hiyo. Naivasha mjini unabadilisha matatu, unashuka kwenye njia panda ya mbuga, unakodi baiskeli, unaingia. Ni kati ya mbuga chache Kenya ambapo unaendesha baiskeli au kutembea kwa miguu huku pundamilia na twiga wakikuangalia kama mgeni aliyekuja bila kupiga simu.

Na hapo ndipo utamjua mtu. Hotelini kila mtu ni mpole, kwani kuna nini cha kumkasirisha? Mpe baiskeli yenye mnyororo unaotoka kila dakika kumi, jua la saa saba na mwinuko wa kurudi langoni. Anakungoja au anakuacha vumbini? Maji yakibaki chupa moja yanagawanywaje? Anaongeaje na makanga akikosewa chenji? Ile siku nilijua mtu wangu akichoka hunyamaza, hanuni, anahitaji tu dakika kumi. Yeye alijua mimi nikiwa na njaa sifai kabisa kuwa karibu na binadamu. Hayo tumeyatumia kuliko picha zote tulizopiga.

Orodha ni ndefu. Kuna Fourteen Falls upande wa Thika, ambapo Mto Athi unamwagika juu ya miamba. Kuna Kituluni, Machakos, kwenye barabara ambapo maji yanaonekana yakipanda mlima; nendeni mbishane wenyewe. Kama uko Mombasa, vuka Likoni kwa feri, anayetembea kwa miguu halipi, kisha urudi ukale mihogo na madafu Mama Ngina meli zikipita. Walio Kisumu wana samaki wa Dunga. Nakuru mna Menengai, volkano nzima juu ya mji wenu. Eldoret, pandeni matatu ya Iten mkasimame pale juu muone Bonde la Kerio.

Najua mtakachosema. Kwanza: "Hizi ni falsafa za watu hawana pesa." Ni kweli hatuna. Lakini hata ukiwa nazo, swali liko pale pale: safari hii ni ya nani? Nina rafiki anayelipwa vizuri kuliko mpenzi wake, na walianza kwenda karibu ili mwanaume pia awe na sauti ya kuchagua. Pesa zilikuwepo. Kilichokosekana ni usawa.

Pili: "Kupelekwa ni mapenzi." Nakubali, na mimi napenda kupelekwa. Tena nikipelekwa napiga luku mpaka majirani wanauliza. Lakini kuna tofauti kati ya kupelekwa na mtu unayemjua akikasirika anakuwaje, na kupelekwa na mtu ambaye bado hujamwona akikosa usingizi. Zawadi ikisubiri miezi sita haiozi.

Tatu, na hii ndiyo ya ukweli: "Karibu na nyumbani tutaonekana." Auntie wa kanisani, binamu, jirani wa ploti. Aki naelewa. Lakini jiulize kwa nini kuonekana kunakutisha kuliko kupotea. Auntie akikupata Karura saa tisa mchana na chupa ya maji mkononi, atasema. Atasema sana. Na utaishi. Kama mpenzi wako ndiye anayesisitiza kila mara muende pasipo na anayewajua, hapo sasa mimi ningekaa chini nifikirie. Na kama bado uko shule ya upili, hii yangu ni ya mchana, mkiwa kikundi, na mtu mzima wa nyumbani anajua mlipo. Hakuna mjadala.

Kabla hujafunga viatu, mambo machache. Mbuga za KWS hulipiwa kwa eCitizen, na ada hubadilika, kwa hivyo angalia usiku wa kuamkia safari, usije ukabishana na askari langoni. Hell's Gate, mawingu yakiwa mazito, usishuke korongoni hata kama kwako jua linawaka; mvua ya mbali hulijaza ghafla, na mafuriko yaliua watu pale mwaka 2012 na tena 2019. Uliza matatu ya mwisho ya kurudi mara tu unaposhuka, si jioni. Simu iwe na chaji. Mtu mmoja nyumbani ajue mko wapi na mnarudi saa ngapi.

Na ile nauli ya kurudi, kila mmoja aiweke kwake, kabla ya kitu kingine chochote. Isiguswe kwa soda. Isiguswe hata kama mishikaki inanukia vipi. Jumapili usiku ikibaki, ianzishie safari ya mwezi ujao. Mtu wako akiudhika kwamba umebeba nauli yako, muulize kwa upole inamuuma wapi. Wangu nilipomwambia mara ya kwanza alicheka, akafungua M-Pesa akanionyesha: na yeye alikuwa ameweka yake.

Diani tutaenda, msijali. Tumeanza kuweka akiba, kila mtu kwa simu yake. Zitakuwa tiketi nne, mbili zangu na mbili zake, na nikifika nitawarushia picha za ule mchanga mpaka mchoke.

Kwa sasa, wikendi hii akikuuliza "nikutumie fare?", mwambie akipenda atume ya kuja. Ya kurudi unayo.