Nani Atasimulia Historia ya Soysambu?

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Historia ya ranchi ya Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, yaipindua methali hiyo: mgeni alikuja, mwenyeji akahamishwa.

Mnamo mwaka wa 1903, serikali ya kikoloni ilimkodishia Lord Delamere ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99. Mifugo yake ilikufa kwa wingi, kwani nyasi zilipungukiwa na madini na maradhi yalikuwa tele. Wamaasai, waliojua siri ya malisho hayo, walikuwa wakiyaepuka. Baadaye Delamere alianzisha ranchi ya Soysambu, katika nyanda za Bonde la Ufa walikolisha Wamaasai. Nyanda hizo hazikuwa bila wenyewe. Mkataba wa 1904 ndio uliowahamishia Laikipia na kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba makubaliano hayo yangedumu maadamu Wamaasai wangalipo. Haikutimia hata miaka 7: mkataba wa pili, wa 1911, uliwaondoa Laikipia pia.

Walipokwenda mahakamani mwaka wa 1913, kesi yao ilitupwa. Mahakama ilishikilia kuwa mikataba hiyo ilikuwa baina ya mataifa mawili, hivyo haikuwa na uwezo wa kuiamua. Ajabu iliyoje! Siku ya kuhamishwa, Wamaasai walikuwa watu wa kuamriwa. Siku ya kudai haki, wakageuzwa taifa la kigeni katika ardhi ya babu zao.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Neno 'mkataba' hubeba dhana ya maelewano. Je, lafaa kwa hati iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuwekewa alama na watu wasioisoma lugha hiyo? Anayelitumia bila kulihoji huirithi hukumu ya mkoloni pamoja na msamiati wake.

Wapo watakaodai kuwa Soysambu imeleta maziwa na ajira, na kwamba tangu 2007 ni hifadhi ya wanyamapori. Madai hayo yana ukweli. Hata hivyo, manufaa ya leo hayafuti namna ardhi ilivyopatikana jana. Elspeth Huxley alimwandikia Delamere wasifu wa juzuu mbili mwaka wa 1935, kwa Kiingereza. Waliohamishwa nao wastahili juzuu zao.

Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ikaweka miaka 99 kuwa kikomo cha umilikaji wa ardhi kwa asiye raia. Mwananchi atajadilije sheria hiyo ikiwa chimbuko lake limefungiwa katika lugha asiyoimudu? Yawapasa wahadhiri na wanafunzi kuzitafsiri hati za 1904 na 1911, pamoja na hukumu ya 1913, na kukusanya masimulizi ya wazee wa Kimaasai kabla hayajazikwa nao. Fasihi inayosifu ushujaa wa kale huku ikinyamazia ardhi haijatimiza wajibu wake.