TOPE LIPIMWE KWANZA

Tope la maji machafu hapa Garissa hukusanya kila kinachomwagwa mferejini: mafuta ya jikoni, dizeli, na oili chafu ya gereji. Kipimo cha kawaida huyayeyusha yote na kuyahesabu pamoja. Basi mtu akituambia, "Hayo ni mafuta ya nyirinyiri tu," tumjibu: yapitishwe katika chembe za silika, ambazo hunasa mafuta ya chakula na kuacha ya petroli, kisha yapimwe tena. Wachotaji ndio wanaovuta mvuke wake, si wakubwa wa ofisini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe habari za hatari. Twataka hesabu zote mbili zibandikwe ukutani kabla mtu hajashika sepetu, na kabla gunia moja halijapelekwa shambani kando ya Tana.