Kilwa wana kuta za mawe, sie Buha tutabaki na nini?

Wadau, ukitaka kuona nyumba ya karne ya 14 au 15 hapa Tanzania ambayo ukutani bado kuna michoro ya watu wa zamani, inabidi utoke huku Nyabibuye uvuke nchi nzima mpaka Kilwa na Songo Mnara. Kule kuna nyumba za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa, na kwenye lipu mtu kachora jahazi kwa kukwaruza na kitu chenye ncha. Michoro kama hiyo ipo pia Gedi, Kenya. Kwa wataalamu ni ushahidi wa vyombo vilivyokuwa vikisafiri bahari yetu.

Sasa swali langu: kwa nini ya kule imebaki?

Kwanza ni jiwe. Lakini jiwe peke yake halitoshi jamani! Kilwa na Songo Mnara waliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, na bado mwaka 2004 wakawekwa kwenye orodha ya hatari, maana kuta zilikuwa zinabomoka. Ikabidi kazi ifanyike kweli, wakatolewa 2014. Na Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa 1883, iko ndani ya Mji Mkongwe ambao nao ni Urithi wa Dunia tangu 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Kuandikwa orodhani hakuzuii ukuta kuanguka.

Pili ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. La baadaye linasubiri tangazo la waziri. Sheria haina ubaya na mtu, ila inahesabu miaka, na nyumba ya msonge ya nyasi na miti haifikishi miaka hiyo hata siku moja. Inaoza, inajengwa nyingine. Kilichokuwa cha kale ni ule ujuzi wa kuijenga, na ujuzi hauwekewi uzio.

Tuangalie Usukuma. Vyama vya wacheza nyoka vilikuwa na michoro kwenye kuta za udongo za nyumba zao. Hans Cory aliifanyia utafiti, kitabu kikatoka London mwaka 1953. Udongo haukai kama matumbawe, lakini karatasi imekaa, ndiyo maana leo tunaweza kuizungumzia.

Kuna watakaosema wananchi wanataka bati na maji kwanza. Kweli kabisa, hakuna anayetaka kurudi kulala chini ya nyasi zinazovuja. Lakini kuandika hakumzuii mtu kuezeka bati! Simu ya kamera inatosha. Mkalishe mzee, akutajie kwa Kiha kila sehemu ya nyumba, nani alikata miti, nani alileta nyasi, moto ulikaa wapi. Halmashauri yetu ya Kakonko, iliyozaliwa kutoka Kibondo mwaka 2012, ingeweza kuanzia shuleni, kila mwanafunzi na bibi yake.

Kilwa wanapambana na bahari na mvua. Sie tunapambana na misiba, maana kila mzee akizikwa, nyumba nzima imeondoka naye.

Wewe mdau, kwenu kuna nani bado anayejua kujenga msonge? Tupe maoni.