Hivi Ibara ya 148 Inasomwa na Nani?

Mkutano wa Dar es Salaam wa Februari 8, 2025 ulikuwa wa nini hasa? Wakuu wa Afrika Mashariki na SADC walikaa, Kagame yupo ukumbini, Tshisekedi kwenye skrini. Wakaagiza mapigano yasitishwe mara moja. Wakapiga picha. Haikupita wiki mbili, M23 wakawa Bukavu.

Turudi nyuma kidogo. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Mwishoni mwa mwaka huo jeshi la Jumuiya likaingia Kivu. Desemba 2023 likafungasha virago, Kinshasa ikilalamika kwamba halipigani. Likaja la SADC, vijana wetu wa Tanzania wakiwemo. Goma ikaanguka Januari 2025, askari wakafia huko, Machi SADC nao wakasitisha kazi.

Julai 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba askari 3,000 hadi 4,000 wa Rwanda wako ndani ya Kongo pamoja na M23. Kigali hujibu kwa kutaja FDLR. Sawa, FDLR wapo, na jeshi la Kongo limeshirikiana nao, hilo nalo lisemwe. Lakini hiyo ni kesi ya kupeleka mezani, si ruhusa ya kuvuka mpaka na bunduki.

Ukiuliza kwa nini Jumuiya haimgusi mwanachama, unajibiwa eti maamuzi ni ya maafikiano. Jamani, someni mkataba wa 1999! Ibara ya 12 kweli inataka maafikiano. Endelea mbele: ya 146 inaruhusu kumsimamisha anayekiuka misingi ya Jumuiya, na ujirani mwema ni mmojawapo. Ya 148 inasema maoni ya nchi inayojadiliwa hayahesabiwi. Hayahesabiwi! Kwa hiyo kinachokosekana ni ujasiri tu. Na sisi Watanzania tusijitoe: mizigo ya Rwanda na ya Kongo inapita bandari yetu, hatutaki kumuudhi mteja.

Matokeo yake majirani wawili wakaenda kusaini Washington, Juni 2025 mawaziri, Desemba marais, mbele ya Marekani yenye hamu na madini. Siku chache baada ya marais kusaini, M23 wakaingia Uvira. Iko kwenye ziwa hilihili la Kigoma, wazee.

Kikao kijacho cha wakuu, atakayepewa kipaza sauti aulize swali moja: ibara ya 146 imewahi kuwekwa kwenye ajenda? Nikipewa mimi, nitauliza.