Wataalamu Wakipiga Hodi Bungeni, Wafanyakazi Tusinyamaze

Ndugu Wafanyakazi,

Katika mkutano wa tawi moja mwanachama alisimama akauliza: "Mabwana wa sayansi na mainjinia wanakwenda Bungeni kuomba fedha za utafiti. Mishahara yao yapita yetu mbali. Sisi watu wa jembe na spana yatuhusu nini?" Watu walimpigia makofi. Swali lake ni la haki, na lastahili jibu. Sisi twajibu hivi: yatuhusu, tena sana.

Tuanze na kahawa. Ule ugonjwa unaofanya buni changa ziwe nyeusi na kuoza mtini ulionekana hapa Kenya mwaka 1922. Mwaka wa mvua nyingi, shamba lisilopigwa dawa laweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno. Kahawa ikikosekana, wa kwanza kuambiwa arudi kwao ni mchumaji. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ruiru walianza kazi ya kuzalisha mti wenye kuustahimili ugonjwa huo. Wakatoa Ruiru 11 mwaka 1985, na Batian mwaka 2010. Mti huo haudai dawa nyingi kama ile ya zamani. Basi hata ndugu yetu abebaye pampu mgongoni huvuta sumu kidogo zaidi.

Hebu hesabuni miaka hiyo. Mti wa kahawa haukui kwa amri, wala hauwezi kungoja Hazina ilete fedha msimu ujao. Fedha zikikatwa katikati, miche hufa na kazi ya miaka kumi hupotea. Na nani huachishwa kwanza? Si bwana mkubwa mwenye digrii. Ni kibarua wa kitalu, dereva, mlinzi, na yule aoshaye chupa za maabara. Hao ni wafanyakazi kama sisi.

Wengine husema wataalamu wanaomba zawadi. Sivyo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na ikataja kwamba Hazina itautilia kila mwaka asilimia 2 ya pato la nchi, yaani shilingi 2 katika kila shilingi 100. Miaka imepita na kiasi hicho hakijapata kufikiwa. Sisi wa chama twaijua hali hii vizuri. Mwajiri hutia sahihi mapatano mbele ya watu, kisha siku ya malipo huanza kutafuta maneno. Anayedai kilichoandikwa haombi sadaka. Anadai deni.

Pengo hilo limezibwa kwa fedha za wageni, nasi tumeona matokeo yake. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje. Hapa kwetu watu wengi wa afya na wa utafiti walipoteza kazi, wengine kwa barua ya siku chache tu. Wazee walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Na huyu aliyetegemewa hata ndugu hakuwa.

Sasa twataka kusema neno kwa wataalamu wenyewe, na wasikasirike. Wakienda Bungeni, mara nyingi kila chuo huenda peke yake na karatasi yake, imeandikwa kwa maneno ambayo Mjumbe hayaelewi na mpiga kura wake hajapata kuyasikia. Huyu aombea mahindi, yule aombea dawa, wa tatu aombea madaraja. Hazina hupenda sana mtindo huo, maana watu kumi wanaoomba mbalimbali ni rahisi kuwafukuza mmoja mmoja.

Wenzao wa Uingereza waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1918 watu wa sayansi wa huko walianzisha chama chao cha wafanyakazi, na katika miaka ya 1930 chama hicho kilisaidia kuunda kamati ya kupeleka habari za sayansi kwa Wajumbe wa Bunge la London. Mwezi wa Oktoba 2010, iliposemekana kwamba fedha za sayansi zitakatwa, watafiti waliandamana mpaka mbele ya Hazina yao, na watu zaidi ya 30,000 walitia sahihi. Mwezi huo huo Serikali ikatangaza kwamba pauni bilioni 4.6 za kila mwaka hazitapunguzwa. Hazikuongezwa, na bei za vitu zilizidi kupanda. Ushindi haukuwa kamili. Lakini wizara nyingine zilikatwa vibaya mwaka ule.

Njia iko wazi hapa kwetu pia. Kwa Katiba ya mwaka 2010, makadirio ya fedha yapelekwa Bungeni miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, na kamati ya Bunge yapaswa kusikiliza maoni ya wananchi. Kwenda mwezi wa Juni na kulalamika ni kufika sokoni watu wakikunja mikeka. Wataalamu waende mapema, wakiwa na dai moja, na wakae nasi kwanza. Mjumbe anaweza kumpuuza profesa mmoja, lakini wachumaji elfu wa jimbo lake hawezi kuwapuuza.

Lakini bega letu lina sharti. Mwaka 2023 huko Kericho watu waliokasirika walichoma moto mashini za kuchuma majani chai, kwa sababu mashini moja ilichukua kazi ya mikono mingi. Sisi hatusifu moto, wala hatusemi mashini zisitengenezwe. Twauliza tu: katika fedha zote za uchunguzi, ni kiasi gani kilichotumika kuchunguza mgongo wa mchumaji, mapafu ya mpiga dawa, na kazi mpya ya yule aliyeondolewa na mashini? Fedha zitatoka katika kodi yetu. Basi tupewe kiti mezani zinapogawanywa, na maswali yetu yaingie maabara pamoja na ya mwenye shamba.

Makatibu wa matawi, mwiteni mtaalamu mmoja wa karibu nanyi aje mkutanoni aeleze kazi yake kwa Kiswahili. Mkiridhika, mwandikieni Mjumbe wenu kabla makadirio hayajapitishwa. Na yule ndugu aliyeuliza swali, twamwomba awe wa kwanza kutia sahihi.

Umoja ni nguvu.