Kabla hujafuta ‘kirusi’, uliza ni faili ya nani

Vijana wenzangu, kuna ujumbe ambao haufi, wabadilisha nguo tu. Mwaka 2002 ulizunguka kwa baruapepe, ukiwaambia watu watafute faili iitwayo jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu mdogo wa kijivu. Ukiiona, ni kirusi. Ifute, kisha uwaonye wenzako wote. Kumbe faili hiyo ilikuja na Windows yenyewe! Kila aliyeitafuta aliipata, ndiyo maana aliamini.

Siku hizi unakuja kwa WhatsApp au kwa kivideo: laptopu yako ni nzito, ingia System32 ufute hiki na kile. Kijana wa Mtongwe au Mtopanga anafuta, anawasha tena, anakuta kioo cheusi. Humo mna kazi zake za chuo na CV. Kama ana saiba ndogo pale Magongo, basi ni unga wa siku uliopotea.

Sasa msimcheke. Tarehe 21 Aprili 2010, programu ya McAfee, ambayo kazi yake ni kukamata virusi, iliidhania svchost.exe ya Windows XP kuwa kirusi. Kompyuta za hospitali na vyuo Marekani zikawa zajizima na kujiwasha ovyo. Ikiwa wataalamu walikosea, itakuwa wewe?

Kinachotuponza ni pupa, na pupa ya pili huja baada ya kosa. Kwa hivyo tulia. Kama mashine bado yawaka, usiizime. Angalia Recycle Bin, urudishe ulichofuta. Kisha fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, uandike sfc /scannow. Windows itakagua faili zake na kutengeneza zilizoharibika. Kama haiwaki kabisa, azima kompyuta ya rafiki, pakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft, uiweke kwenye flashi ya GB 8 na ujaribu kuifufua kwa hiyo.

Ukivuka feri kumpelekea fundi mjini, mwambie ukweli ulifuta nini. Mficha uchi hazai. Na akisema “tupige format” kabla ya kukuuliza kuhusu data, beba laptopu yako uende zako. Mara nyingi kilichokufa ni mfumo tu. Picha na kazi zako bado zimo, na diski yaweza kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine zikanakiliwa.

Siku nyingine Windows ikikudai ruhusa ya msimamizi ndipo ufute faili, simama hapo. Tafuta jina lake mtandaoni, au ipeleke VirusTotal ikaguliwe bure na makumi ya programu. Na onyo lisilo na mwenyewe, lifie kwako.